Laini kubwa imepita juu ya mashamba yetu, kitongojini hakuna umeme. Kwa nini?

mkulima_alizeti
Wakuu habari zenu. Tuko upande wa Babati, ile laini ya Singida–Arusha–Namanga imepita kwetu, miti ya mzee iliyokuwa kwenye mkuza (ule ukanda wa ardhi chini ya laini) ikakatwa yote, minara hiyo imesimama, usiku sisi bado solar na tochi za simu. Naomba kuelimishwa, inashindikana nini kuvuta waya mmoja tu toka pale juu ushuke kwetu?? Na kwenye mkuza tunaweza kulima nini, maana kila mtu anasema lake.

fundi_misongo
Pole sana ndugu. Ule ni msongo wa kilovolti 400, yaani volti laki nne, nyumbani unatumia 230. Kuushusha lazima kijengwe kituo cha kupoza chenye transfoma kubwa kama nyumba, gharama yake ni ya kuhudumia mkoa siyo kitongoji. Wanapandisha msongo ili umeme usipotelee njiani, mzigo uleule ukipita kwa 400 badala ya 33 mkondo unapungua mara 12 hivi na upotevu kwenye waya uleule unashuka zaidi ya mara 140. Vijiji vinalishwa na laini za 33 au 11, zile za nguzo za mbao. Nyie ulizeni 33 ya karibu iko wapi.

wa_kajiado
Huku Isinya ndio hiyo laini inaishia. Kenya mkuza wa 400 ni mita 60, title inabaki yako na unalipwa fidia, mahindi na maharagwe unapanda, ng'ombe wanalisha, lakini nyumba na miti mirefu hapana. Na msichome nyasi chini ya nyaya tafadhali, moshi mzito unaweza kufanya umeme uruke mpaka chini.

mama_J
Naongezea, toka Isinya umeme unaungana na Suswa, kituo kingine kikubwa cha umeme Kenya, na Suswa inapokea wa Ethiopia tangu 2022 kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo hiyo minara inabeba umeme wa nchi tatu, ni kitu kikubwa na naiunga mkono kabisa. Ila aliyetoa ardhi yake ipite anastahili kuwa wa kwanza kwenye foleni ya 33, hapo sirudi nyuma.

mkulima_alizeti
Asanteni sana. 33 ipo barabarani, kama kilomita nne toka kwetu. Naenda kwa mtendaji na diwani wiki hii. Anayejua, hizo kilomita nne REA (Wakala wa Nishati Vijijini) wanabeba zote au wananchi tunachangia?