Mishipa ya umio imetulia, lakini damu ya mjomba inazidi kupungua: je, tatizo liko kwenye utumbo?

Muulizaji, Wete

Assalamu alaykum. Mjomba wangu aliishi Ukerewe ujanani akifanya biashara ya dagaa, akapata kichocho cha tumbo, ambacho si kile cha mkojo tunachokijua hapa Visiwani. Kimemwachia makovu kwenye ini na shinikizo kubwa katika vena porta, yaani mshipa unaopeleka kwenye ini damu inayotoka matumboni. Mishipa iliyovimba kwenye umio ilikwisha fungwa, na endoskopi ya mwisho, yaani kipimo cha mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, imeonesha kwamba imetulia. Hata hivyo damu yake inazidi kupungua, ingawa hakosi vidonge vya madini ya chuma. Je, yawezekana inapotelea kwenye utumbo?

Daktari, Unguja

Wa alaykum salaam. Yawezekana kabisa. Damu ya tumbo, ya utumbo mwembamba na ya sehemu kubwa ya utumbo mpana hupitia vena porta, kwa hiyo njia inapobana kwenye ini, msukumo hurudi nyuma mpaka kwenye vimishipa vyembamba vya utando wa ndani. Vimishipa hivyo hutanuka, utando hujaa maji, na hutokea madoa mekundu ambayo huvuja damu kidogo kidogo bila mgonjwa kuona chochote chooni. Endoskopi ya kawaida huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hivyo majibu yake mazuri hayasemi lolote kuhusu sehemu inayofuata. Utumbo mpana huangaliwa kwa kolonoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, na utumbo mwembamba kwa kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa hukimeza. Ulizeni pia kama anatumia propranololi au karvedilolo, kwani dawa hizi hupunguza shinikizo lenyewe.

Muuguzi, Chake Chake

Naongeza jambo moja ambalo linanihuzunisha kila ninapolikuta. Mgonjwa wa namna hii akitoa damu nyekundu, jamaa husema ni bawasiri na kumpeleka kwa mtu wa kuikata, kumbe huenda ni vena za puru zilizovimba kwa shinikizo lile lile, na kuzikata kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Lakini kikiwa cheusi, laini, chenye kunata kama lami na harufu kali, hiyo ni damu, naye apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Muulizaji, Wete

Ahsanteni sana. Sikutaja kwamba hununua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani kwa ajili ya magoti, karibu kila siku.

Daktari, Unguja

Basi aiache leo, na ibuprofeni asiiguse, kwa kuwa dawa za aina hiyo huchubua utando wa tumbo na wa utumbo ambao kwake umekwisha dhoofika. Mpelekeni wiki hii akapimwe wingi wa damu, mkichukua majibu yote ya endoskopi, na mumweleze daktari habari ya diklofenaki kabla ya jambo jingine lolote.