Tupeane uzoefu: kufowadi barua pepe ya kitapeli na heda zake zote

Mlango_wa_Darajani: Assalaam aleikum. Nyumba za wageni Paje na Nungwi zinaletewa zile barua za "tumebadilisha akaunti ya benki". Wakimfowadia fundi, anajibu: "Nitumieni heda kamili." Wajuzi, semeni inafanywaje.

Fundi_Mkunazini: Waaleikum salaam. Heda ni mistari ya kiufundi inayoonyesha barua ilikotoka na njia iliyopita. Ukibonyeza Forward ya kawaida, programu inatunga barua mpya kwa jina lako. Mistari ya Received (seva ilizopitia), Return-Path (anwani ya kurudishia barua isiyofika) na Message-ID (kitambulisho cha barua) ya ile ya mwanzo inabaki sandukuni kwako, na fundi anaona safari ya kutoka kwako hadi kwake tu. Itume kama kiambatisho, faili la .eml. Gmail kwenye kompyuta: fungua barua, vidoti vitatu kwenye upau wa juu ya barua, "Forward as attachment". Outlook ya zamani ya Windows: Ctrl+Alt+F. Thunderbird: menyu ya Message, "Forward As", kisha "Attachment".

Bi_Wete: Na skrinshoti msitume, haina heda ndani. Kubandika WhatsApp nako kunaharibu, nyota na mistari ya chini hugeuka mapambo ya maandishi. Ikiwa .eml imezuiwa njiani, ifunge kwenye zip. Au Gmail: "Show original", "Copy to clipboard", bandika kwenye faili la .txt, ambatisha.

Mlango_wa_Darajani: Heda ikionyesha spf=pass, yaani imepita ukaguzi wa mtumaji, si salama hiyo?

Fundi_Mkunazini: Hapo ndipo wengi wanapoliwa, sheikh. SPF inakagua kama seva iliyotuma imeruhusiwa na kikoa (jina linalofuata @) cha Return-Path, si cha ile From unayoiona. DMARC ndiyo inayodai vikoa hivyo viafikiane. Na tapeli akisajili kikoa chake mwenyewe, kinachopishana herufi moja tu na cha wakala wenu, SPF, DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa) na DMARC zote zinapita bila tabu. Kisomeni kikoa herufi kwa herufi, na Reply-To (anwani jibu linakokwenda) pia. Received husomwa kutoka chini kwenda juu, maana kila seva hubandika mstari wake juu. Ya chini kabisa inaweza kughushiwa. Ya kuaminika ni ile iliyoandikwa na seva yenu.

Bi_Wete: Saa nazo zinachanganya. Gmail huandika -0700 au -0800, yaani masaa saba au manane nyuma ya saa ya dunia (UTC). 14:05 -0700 kwetu (+0300) ni 00:05 ya siku ya pili, yaani saa sita na dakika tano usiku. Mkiripoti benki, andikeni na hiyo +0300.

Fundi_Mkunazini: Barua ya asili msiifute mpaka kesi iishe. Na heda msizibandike hapa, zina anwani za wageni wenu.