MAJIRANI WA KIWANJANI, MASESE (Jinja)

*Jumatano*

Hajati Sauda 06:12
Asalaam alaykum majirani. Wenye hoteli wameshapiga mabati kiwanjani, upande wa ziwa. Pingamizi lifike kwa kamati ya mipango ya jiji kabla ya Ijumaa jioni. Nataka majina 40. Ninayo 6.

Hajati Sauda 08:50
Naona mmesoma watu 51. Jamani?

Sula Boda 09:31
Hajati niko steji, jioni nitasoma

Mama Prossy 09:33
Mabati yenyewe geji ngapi? Yakitolewa nayaomba kwa banda la kuku 😂

Sula Boda 09:33
28. Nimeyagonga kwa kidole 😂😂

Baba Kato 09:35
Si uko steji?

Hajati Sauda 09:40
Hoteli ya ghorofa nne pale watoto wanapochezea mpira, nyinyi mnauliza mabati.

Mwalimu Wafula 13:02
Hajati, tusiandike "tunakataza". Muungano wa wakazi hauna kura kwenye ile kamati. Tangu sheria ya mipango ya mwaka 2010 Uganda nzima ni eneo la mipango, na kibali ni chao kutoa au kunyima. Chetu ni pingamizi, na pingamizi ni sababu. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Kuna aliyepima?

Afande Mstaafu 13:10
Hatua 131, kutoka majini hadi goli la chini. Hatua za gwaride.

Mama Prossy 13:11
Na lile goti, Afande?

Afande Mstaafu 13:15
Goti ni moja. Nilihesabia mguu wa pili.

Baba Kato 13:20
Mimi sisaini mpaka nielezwe zile elfu kumi kumi za mtaro.

Hajati Sauda 13:21
Baba Kato, si leo.

Baba Kato 13:22
Ni leo. Daftari unalo wewe. Mtaro ulifika mlangoni kwako ukasimama.

Hajati Sauda 13:22
ULISIMAMA KWA SABABU YA JIWE

Mama Prossy 13:24
Jiwe lipo kweli

Mzee Odongo 16:48
Ni mimi Aisha, babu anasema niandike anavyosema. "Mwaka 1964 maji yaliingia kiwanja hicho, nikafunga mtumbwi kwenye ule mvule. Mei 2020 yakarudi palepale. Kato, wewe na watoto mlilala kwangu wiki tatu, magodoro yenu yakinuka samaki. Sikukuuliza hata shilingi. Saini."

Mwalimu Wafula 17:30
Ni kweli. Kipimo cha ziwa hapa Jinja mwaka 2020 kilivuka hata kile cha 1964. Hilo liingie kwenye barua, aya ya kwanza.

Baba Kato 21:47
Nimesikia, mzee. Nitasaini. Lakini daftari lije.

*Alhamisi*

Hajati Sauda 07:05
Majina 23. Nani anapeleka barua mjini? Sula?

Sula Boda 07:40
Mafuta anaweka nani?

Mama Prossy 07:41
Kwani Jumapili mechi ipo?

Afande Mstaafu 07:44
Ipo. Tutachezea nje ya mabati.

Hajati Sauda 07:45
Mafuta nitaweka. Bado muhuri wa LC1, baraza la kijiji. Mwenyekiti, upo?

Mwenyekiti LC1 11:58
Poleni kwa kimya, niko mazishini Iganga. Muhuri uko kabatini. Ufunguo ninao hapa.

Hajati Sauda 11:58
Unarudi lini??