Tuko Durban, mume wangu anataka binti yetu atolewe kwenye somo la LO. Naombeni ushauri

Msusi wa Durban

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Masasi, naishi Durban, Afrika Kusini, huu mwaka wa 12. Nasuka nywele, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tuna binti wa miaka 13 yuko gredi ya 8, na mdogo wake wa kiume gredi ya 3.

Jumapili mbili zilizopita mume wangu alirudi safari akakuta daftari la mtoto mezani. Lilikuwa la Life Orientation, yaani stadi za maisha, lile somo ambalo wenyewe wanaliita LO. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na mchoro wa mji wa mimba, mtoto ameupaka rangi kwa penseli vizuri kabisa, na mishale yenye majina. Chini yake kulikuwa na kazi ya nyumbani: eleza kwa mistari mitano maana ya kukubali na kukataa mtu anapotaka kukugusa. Baba hakupiga kelele. Alilifunga daftari, akaliweka juu ya kabati, akasema kesho niandike barua mtoto atolewe kwenye kipindi hicho. Shule ikikataa, Desemba anampeleka kwa bibi yake Masasi akachezwe unyago, na abaki huko huko amalizie masomo.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

Usiku alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Akanitajia lile neno la Kiingereza la mtu kukubali jambo kwa hiari yake, akaniuliza, "Mama, Kiswahili chake nini?" Mikono yangu iko kwenye maji, nikatafuta neno sikulipata. Maneno niliyonayo kuhusu mambo hayo ni ya matusi, au ya ngoma ambayo tuliapishwa tusiyatoe nje. Nikamwambia nenda kalale. Hilo linaniuma kuliko hata hiyo barua.

Naomba kujua, mzazi anaweza kumtoa mtoto kwenye somo hili? Mliolea watoto huku mlifanyaje? Na mtu aliyechezwa kama mimi anaanzaje kuzungumza na mtoto aliyekulia huku? Tafadhali msinitukane, nimeshalia vya kutosha.

Baba wa Watatu

Dada, namuelewa mumeo na nitasema wazi. Niko Cape Town, nina watoto watatu. Mwaka 2019 wizara ilipotoa yale maandalio ya vipindi kuhusu elimu ya jinsia, kuanzia gredi ya 4 hadi ya 12, waliopinga hawakuwa wageni peke yao. Wazazi wenyeji walipinga, makanisa yalipinga, na chama cha walimu cha SADTU nacho kilipinga. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mumeo ni mshamba. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anaambiwa nini na nani.

Ila kumtenganisha na wewe akiwa na miaka 13, hapo simuungi mkono. Bibi anampenda, sawa, lakini bibi ameshachoka. Na umri huu ndio mtoto anamhitaji mama kuliko wakati wowote.

Chaki Mkononi

Mama, pole sana. Mimi ni Mkenya, nimefundisha LO miaka tisa kwenye shule za serikali huko Gauteng, kwa hiyo naomba nikueleze nilichokiona darasani.

Kwanza, LO si kipindi cha jinsia. Ni somo la lazima kutoka gredi ya 7 hadi ya 12, na kwa madarasa ya chini linaitwa Life Skills. Kwa mtaala wa CAPS ulioanza 2012, lina saa 2 kwa wiki, na saa 1 kati ya hizo ni mazoezi ya mwili uwanjani. Katika saa inayobaki kuna katiba ya nchi, haki na wajibu, lishe, pombe na dawa za kulevya, jinsi ya kujisomea, na kazi mbalimbali. Mambo ya mwili na mahusiano ni sehemu tu. Huwezi kumtoa mtoto kwenye somo zima, maana hata cheti cha gredi ya 12 hakipatikani bila LO. Unachoweza kufanya ni kuomba kukutana na mwalimu, uone kitabu, uulize kuhusu vipindi vinavyowatia hofu.

Na mwaka kesho binti yako ataingia gredi ya 9. Huo ndio mwaka wa kuchagua masomo ya kuanzia gredi ya 10, na LO ndipo watoto wanapopewa mwongozo. Nimeona watoto wa ndugu zetu wakiingia kwenye Mathematical Literacy (hesabu za matumizi ya kila siku) badala ya Mathematics yenyewe kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua tofauti. Miaka mitatu baadaye mtoto anataka kusomea uhandisi, anaambiwa haiwezekani. Nilikuwa naumia sana.

Sasa kuhusu hofu ya baba. Darasani nilikuwa na boksi la viatu nililotoboa kifuniko. Watoto waliandika maswali bila majina, Ijumaa tunayafungua. Mtu anauliza kama ukioga haraka huwezi kupata mimba. Mwingine anauliza kama mara ya kwanza haihesabiki. Watoto wa gredi ya 8, mama, na majibu walikuwa wameshapeana wao kwa wao kabla mimi sijafungua mdomo. Siku moja nikakuta karatasi imekunjwa mara nyingi hadi imekuwa ndogo kama punje ya hindi: "Mjomba akisema ni siri yetu, kosa ni langu?" Mwandiko sikuutambua. Wiki nzima nilifundisha jambo moja tu, kwa kila darasa, kwamba mtu mzima akikuambia ni siri, kosa si lako, na hawa ndio watu wa kuwaambia. Zilipita wiki tatu. Kisha msichana mmoja akabaki nyuma wenzake walipotoka.

Siwezi kudanganya kwamba somo hili linafundishwa vizuri kila mahali. Shule nyingi humpa LO mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, na kuna wanaoruka sura za mwili kwa aibu au wanazisoma kitabuni haraka haraka. Vyuo vikuu vingi haviihesabu kwenye pointi za kujiunga, basi watu wanaidharau. Kwa hiyo ukienda shuleni, swali lako kubwa liwe ni nani anafundisha, na anafundisha vipi.

Nesi wa Bukavu

Mama, mimi nafanya kazi kliniki hapa hapa KwaZulu-Natal. Nitaongeza yale ambayo wazazi wetu huwa hawaambiwi.

Kwa sheria ya watoto ya 2005, mtoto akifika miaka 12 anaweza kupima VVU na kupewa njia za kuzuia mimba bila ruhusa ya mzazi. Wazazi wakisikia hivyo wanadhani serikali imeruhusu ngono miaka 12. Hapana. Umri wa kukubali tendo ni miaka 16, na mtu mzima anayemgusa mtoto chini ya hapo ana kesi. Sheria iliandikwa hivyo kwa sababu mtoto mwenye shida akikosa pa kwenda, anaficha hadi tunampokea akiwa amechelewa. Lakini fikiria maana yake kwako: binti yako anaweza kuja kwangu bila wewe kujua. Mimi nitampokea kwa moyo wote. Bado ningependa aje nawe.

Jambo lingine. Mwulize kama alichanjwa HPV. Chanjo hiyo ilianza kutolewa mashuleni 2014, wasichana wa gredi ya 4 kuanzia miaka 9, na siku hizi ni gredi ya 5. Inakinga dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Fomu ya ruhusa inakuja nyumbani kwa Kiingereza, mama hasomi, anaambiwa na jirani kwamba ni sindano ya kufunga uzazi, fomu inaishia kwenye droo. Nimezungumza na akina mama kadhaa wa kwetu waliofanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyefanya kwa ubaya.

Nchi hii ina watu zaidi ya milioni 7 wanaoishi na VVU. Wasichana wanaambukizwa zaidi kuliko wavulana wa rika lao, na sababu kubwa ni wanaume waliowazidi umri. Watanzania mnao msemo wenu, fataki. Huku wanawaita blesser. Ni mtu mwenye gari na simu ya kugawa, wala si kijana anayekaa naye dawati moja.

Mpita Njia 031

Kabla ya Desemba angalieni karatasi za mtoto. Kama kibali chake kina tatizo, kutoka ni rahisi, kurudi kunaweza kuchukua miaka. Ndani ya nchi asiwatishe mtu: mahakama ya Makhanda iliamua Desemba 2019 kwamba mtoto asinyimwe shule kwa kukosa hati. Akishavuka mpaka hiyo hukumu haitamsaidia.

Binti wa Yeoville

Shikamoo mama. Mimi ni huyo binti yako, miaka tisa mbele. Wazazi wangu ni wa Kigoma, nimekulia Yeoville, Johannesburg.

Nyumbani kwetu hatukuzungumza kitu. Nilivunja ungo nikapewa kitambaa na kuambiwa sasa usicheze na wavulana, basi. Nilipokuwa na miaka 15 kulikuwa na mwanamume wa kwetu, aliyewahi kumsaidia baba kodi ya nyumba. Wote tulimwita baba mdogo. Akaanza kunitumia vocha. Kisha viatu. Kisha akasema nisimwambie mama, ataona wivu kwa niaba ya dada zangu. Mwalimu wa LO alikuwa amechora ubaoni duara tatu: zawadi, siri, deni. Nilizitazama zile duara nikamwona yeye.

Nilijua kila kitu, mama, lakini nilikijua kwa Kiingereza. Nilikaa na mama yangu tunachambua mchicha, nataka kumwambia, na kwa Kiswahili sina neno hata moja ambalo halingesikika kama ninamtukana. Nikamwambia mwalimu. Mwalimu akampigia mama. Mama alilia siku mbili, na hakuwa analia kwa sababu ya yule mtu, maana alikuwa hajanigusa bado. Alilia kwamba amesikia habari ya mwanawe kwa mtu baki.

Binti yako amekuja jikoni kukuomba neno. Mimi sikuthubutu hata hilo.

Somo wa Newala

Mwanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na yeye ndiye anayeniandikia. Nimewatoa ndani wanawali wengi waliochezwa, nayajua unayoyaogopa.

Usijilaumu kwa kukosa neno. Kwetu mama mzazi hakupewa kazi hiyo. Mama alikaa pembeni, aliyefundisha alikuwa somo, yule kungwi wa unyago. Wewe ulifundishwa uyajue, hukufundishwa uyafundishe, na huko uliko hakuna wa kumkabidhi. Kwa hiyo ni lazima uwe mama na uwe somo.

Mwambie mume wako hivi: unyago haukumficha mtoto mwili wake. Alichokichora mwanawe kwa penseli, sisi tulikionyesha kwa nyimbo na vinyago. Hedhi tulifundisha, usafi tulifundisha, heshima kwa wakubwa tulifundisha. Kuna kimoja hatukukifundisha, na nakisema kwa uchungu kwa sababu nimezeeka nikikiona matunda yake. Hatukumfundisha binti kukataa. Tulimfundisha kuvumilia. Hiyo mistari mitano ya daftari ningeitaka iwe imo kwenye ngoma zetu.

Neno alilokuuliza ni ridhaa. Mfundishe na mengine, kupevuka, hedhi, mji wa mimba, uyaseme kwa sauti yako ya kawaida kama unavyosema chumvi. Na wewe ni msusi. Mkalishe chini, kichwa kati ya magoti yako, umsuke. Hakuoni usoni, nawe humwoni. Usimwulize kitu. Mwambie tu wewe ulipokuwa na umri wake ilikuwaje.

Msusi wa Durban

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Mungu awalipe. Narudi kuwaambia ilivyokuwa.

Barua sikuiandika. Nilimwomba mume wangu twende shuleni pamoja, akakubali kwa shingo upande. Mwalimu ni mama wa makamo, Mzulu, ana mabinti wawili wakubwa. Alitufungulia kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mume wangu alikaa kimya karibu nusu saa, kisha akauliza swali moja: kama mtu mwenye gari akimsimamishia mtoto njiani, mmewafundisha waseme nini? Mwalimu akafungua ukurasa, ni ule ule aliouona yeye mezani.

Njiani kurudi ndipo aliponieleza, na katika miaka 15 ya ndoa sikuwahi kusikia. Kwenye vituo vya malori barabara ya kwenda Johannesburg huwa kuna wasichana wanaogonga milango ya magari usiku. Mwezi uliopita mmoja aligonga mlango wake, amevaa sketi ya shule, saizi ya mwanetu. Alimpa mkate na fedha kidogo, akamwambia nenda nyumbani, na hakujua kama ana nyumbani. Siku tatu baadaye akafika kwake akakuta lile daftari.

Habari ya Masasi haijatajwa tena. Kadi ya chanjo nimeitafuta nikaipata, HPV alichomwa. Fomu ilisainiwa na baba yake.

Jumamosi nimemsuka binti, mistari ya nyuma, saa tatu nzima. Nilimsimulia siku niliyovunja ungo shambani kwa bibi, nilivyodhani nakufa. Akacheka, kisha akanyamaza. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho akaniambia kuna kaka mmoja pale dukani chini huwa anampa soda bure na hataki kulipwa. Nikaendelea kusuka. Nikamwuliza, "Enhe, na wewe unajisikiaje akikupa?"

Bado tunaongea.