Mama amefika 71: tumketishe au tumrudishie ndoo yake?

Mwana Muheza (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na ugomvi wa nyumbani. Kwenye kundi la ukoo umeshindikana kuamuliwa, wiki ya pili sasa.

Mama yetu yuko Muheza. Hadi miaka mitatu iliyopita alikuwa analima, anateka maji, anakuna nazi yeye mwenyewe, mbuzi ya kukunia ardhini na yeye juu yake. Sisi watoto tulipopata vijisenti tukafanya ambalo kila mtoto mwenye adabu angelifanya. Tukavuta bomba hadi jikoni, tukamtafutia binti wa kumsaidia, tukanunua sofa, tukang'oa choo cha kuchuchumaa tukaweka cha kukalia. "Mama, umetulea, sasa pumzika." Na kweli akapumzika.

Mwezi wa nne nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta barazani, kwenye mkeka, anachambua mchicha. Adhana ya alasiri ikaita, akataka kunyanyuka. Akaegemea mkono wa kulia, akajigeuza ubavu, akapiga magoti, akashika nguzo ya baraza, akajivuta. Ungo ukapinduka, mchicha chini. Akacheka: "Ndio uzee huo, baba." Kisha akaenda kuswali kwenye kiti.

Wataalamu wa Ulaya walioweka vigezo vya sarkopenia, yaani misuli kuisha kadiri umri unavyokwenda, wana kipimo kimoja rahisi walichokichapisha 2019. Mtu akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kitini mara 5. Akipitisha sekunde 15, nguvu zake zimepungua kiasi cha kutia wasiwasi. Nikamwekea mama kiti cha mezani, nikashika simu. Sekunde 24. Mara ya nne nusura adondoke nyuma.

Msimamo wangu, ambao ndio umenigombanisha na dada yangu: uzee una sehemu yake, lakini sisi ndio tuliommaliza. Mwaka 2007 watafiti Marekani waliwalaza kitandani siku 10 watu wazima wenye umri mkubwa waliokuwa wazima wa afya. Siku kumi tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Sasa piga hesabu ya miaka mitatu ya sofa.

Na kinyume chake kipo pia. Mwaka 1990, kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, wazee 10 dhaifu, wengine wamepita miaka 90, waliwekwa kwenye mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu za miguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 wakarudia na watu 100 wenye wastani wa miaka 87, na hapo wakaongeza jaribio la lishe: wengine walipewa kinywaji cha virutubisho bila mazoezi. Waliofanya mazoezi walipata nguvu. Waliokunywa tu hawakupata kitu.

Hilo la virutubisho nalisema makusudi. Kaka yetu yuko Muscat, kila akipata mtu anatuma makopo ya kalsiamu na vitamini D. Kabati limejaa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 25,871, ambao matokeo yake ya mifupa yalitoka 2022, uliwapa nusu yao yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa miaka zaidi ya mitano. Kuvunjika mifupa hakukupungua.

Kwa hiyo nauliza: tumrudishie mama ndoo yake, au nimechanganyikiwa?

Shangazi Asiyepindisha

Mwanangu, hujachanganyikiwa, umesoma sana. Hebu niambie, siku mama yako atakapopita na ndoo kichwani mbele ya wale majirani waliomwona akifukua mihogo ili ulipe ada, utawaambia sekunde 24? Wataona mtoto ana gari Dar na mama anateka maji. Hapo hakuna utafiti utakaokutetea.

Halafu mama mwenyewe umemuuliza? Mimi nina miaka 66. Nimebeba ndoo tangu nina miaka saba. Siku bomba lilipofika nyumbani nililia kwa furaha, na sitaki mtu aje kuniambia ndoo ilikuwa dawa.

Kajukuu ka Cucu

Nasimama na shangazi. Mimi ni wa Kiambu. Cucu, yaani bibi yangu, alibeba kuni kwa mkanda unaopita kipajini hadi ukamwachia alama kama bonde, ukipitisha kidole unaisikia. Kuna utafiti maarufu wa 1986 uliofanyiwa hapa Kenya, kwa wanawake Waluo wanaobeba juu ya kichwa na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda. Walikuta wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada ya mwili. Wazungu walishangaa sana. Lakini ule utafiti ulipima pumzi, haukupima mgongo. Hakuna aliyemuuliza cucu kama usiku analala.

Na tena, kama mwili wake ulishazoea ule mzigo hata hautumii nguvu zaidi, hiyo ndoo unayoisifu inamjengea nini? Misuli hujengwa na kitu kinachozidi kidogo kile ulichozoea.

Fizio wa Wilaya

Salaam kwenu. Hii ya kurudishia watu nguvu za viungo ndiyo kazi yangu, niruhusuni nirefushe.

Mwanzisha mada, kwenye hoja kuu uko sawa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na ya kujimudu wasianguke siku 3. Wanaoletwa kwetu wamevunjika nyonga hawakuanguka kwenye mlima. Wengi wameanguka kati ya kitanda na choo. Nilikuwa na bibi mmoja, familia haikuwa na pesa ya upasuaji, akafungwa uzito mguuni, akalala chali wiki sita. Mfupa ulianza kuunga vizuri. Tulipomkalisha pembeni ya kitanda, mapaja yalikuwa yamebaki ngozi. Alikuwa amekuja kwetu na tatizo moja, akawa na mawili.

Ila usikimbilie ndoo. Kuna utafiti wa Queensland, Australia, nadhani ndio unaoupenda zaidi hata kama hujautaja. Wanawake 101 waliokwisha koma hedhi na mifupa yao imeanza kupungua. Nusu walinyanyua vyuma vizito hasa, mara mbili kwa wiki, nusu saa nusu saa, miezi 8. Mfupa wa kiuno uliongezeka karibu asilimia 3 kwao, huku wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ukipungua kidogo. Watu husoma hapo wakaishia hapo. Wale wanawake walikuwa wanasimamiwa kila kipindi, wamefundishwa kwanza namna ya kuinama na mgongo ulionyooka, na uzito ulipandishwa polepole. Mama yako akiinama kwa kiuno kuinua dumu la lita 20 lililojaa, hizo ni kilo 20, na kama pingili za uti wake wa mgongo zimeshakuwa tete, inaweza kubonyea moja hapohapo kisimani. Hata kelele hutasikia, ataanza tu kupungua urefu.

Anza na kiti. Kile kipimo chenyewe ndicho dawa. Asimame na kukaa mara 8, apumzike, arudie, mara tatu. Akizoea, mpe kichupa cha maji cha lita moja na nusu akikumbatie kifuani. Kisha viwili. Na kimo cha kiti kishushwe taratibu: kiti cha mezani, halafu stuli, halafu kigoda.

Dawa Baridi

Nauza dawa, kwa hiyo mtaniambia natetea tumbo langu. Sawa. Lakini ule utafiti wa watu elfu 25 haukuwachagua wenye upungufu. Wengi walikuwa na vitamini D ya kutosha tangu mwanzo. Ukimwongezea maji mtu ambaye hana kiu usishangae hakushukuru. Mzee asiyetoka ndani miezi, huyo ni habari nyingine, na daktari akimwandikia atumie.

Nitakachowaunga mkono ni hiki: msimpe dozi za kukomoa. Kuna akina mama 2,256 Australia walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2010. Mteja akija na "nipe ile kali ya mara moja", huwa namsimulia hiyo.

Mwana Muheza

@Dawa Baridi nakubali, hapo nilikata kona. Lakini mama si wa kufungiwa ndani, jua la Tanga unalijua. Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania walipimwa vitamini D mwilini, matokeo yakachapishwa 2012: wastani wao ulikuwa 115 kwenye kipimo ambacho 50 huhesabiwa kuwa inatosha. Hawajawahi kuona kopo. Mama anahitaji kutolewa kwenye sofa akae uani, na wale dagaa wake wa kukaanga wanaoliwa na mifupa yao. Kopo la Muscat lina ladha ya chaki, tena anampa binti.

@Shangazi, shikamoo. La kumuuliza mama umenishika. Sikumuuliza.

Mwalimu wa Michezo

Nyote mnagombania paa wakati msingi hamjauangalia. Mfupa hufikia kilele chake kabla ya miaka 30, baada ya hapo ni kutumia akiba. Shuleni kwangu kipindi cha michezo kimegeuzwa kuwa cha hesabu za ziada, na uwanja nusu umejengwa vibanda. Watoto wanaletwa na bodaboda hadi getini. Wale wasichana hawaruki kamba tena. Miaka 50 ijayo hao ndio wataandika hapa kuhusu sekunde 24, tena watakuwa na miaka 60 tu.

Na msiniambie tutawapa maziwa ya pakiti. Gambia walijaribu kuwapa wajawazito gramu moja na nusu ya kalsiamu kila siku, kina mama ambao maisha yao yote walikula kidogo sana. Matokeo ya 2010: waliopewa ndio mifupa yao ilikuwa pungufu wakati wa kunyonyesha. Inadhaniwa mwili ulikuwa umejifunza kubana matumizi, wakauvuruga.

Shangazi Asiyepindisha

Marahaba. Umemuuliza?

Mwana Muheza

Nimemuuliza. Nilipiga simu jana jioni, nikaweka sauti juu na dada asikie.

Ndoo hataki. Alisema, "Ndoo nimeichoka tangu babako yu hai." Bomba libaki. Lakini nilipomuuliza anakumbuka nini, alinyamaza kidogo, kisha akasema mambo mawili ambayo sikuyatarajia. La kwanza mbuzi. Binti anakuna nazi kwa mashine ya sokoni, tui halina ladha, na yeye anaona aibu kumwambia. La pili, kusujudu chini. Swala tano za siku moja ni rakaa 17 za faradhi, kila moja unashuka hadi paji la uso lifike chini na kunyanyuka. Alihamia kwenye kiti mwaka jana kwa sababu siku moja alishindwa kuinuka mbele za watu. Anasema aliye dhaifu anaruhusiwa, hilo analijua, lakini haoni kama ameswali.

Dada alikaa kimya upande wa pili. Baadaye akaniandikia, "Choo nacho tulikosea?" Sijamjibu bado. Wahadzabe wale wale, utafiti wa 2020 ulikuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na mtu wa ofisini tu, ila sehemu ya muda huo wanapumzika wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inabaki kazini. Nikifikiria hivyo, lile sinki jeupe la choo tulilolipeleka kwa gari kutoka Tanga mjini linanikera.

Fizio wa Wilaya

Choo kiacheni, kaka. Usiku, sakafu ikiwa imelowa, hapo ndipo nyonga zinapokwenda. Funga bomba la kushikia ukutani. Kuchuchumaa ajifunzie mchana kwenye mbuzi, ana kiti chake tayari na amekizoea tangu utoto. Ila asianze nacho leo, kiko chini mno kwa mtu wa sekunde 24. Wiki nne za kiti cha mezani kwanza. Kusujudu atarudi nako baadaye, stuli ikiwa pembeni ya kushika.

Kajukuu ka Cucu

Fizio, na mzigo je? Mbuzi haina uzito. Wewe mwenyewe umesema mfupa unataka uzito.

Fizio wa Wilaya

Kweli. Begi la mgongoni, lile la shule la wajukuu. Kilo moja ya mchele ndani, anasimama na kukaa nalo. Kila akiweza bila kuhema, nusu kilo nyingine. Kabla ya hapo apimwe mgongo, hasa kama amewahi kuvunjika kifundo cha mkono au amefupika.

Mwana Muheza

Kifundo cha mkono alivunjika mwaka juzi, aliteleza uani. Tulidhani ni bahati mbaya.

Fizio wa Wilaya

Basi begi lisubiri. Mpeleke apimwe kwanza, halafu uje hapa na majibu.