Jeshi la Akiba halina fungu linaloeleweka, na askari wake wanadai: nani atajibu?

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha kwa maneno laini. Kila usalama unapoyumba nchini Uganda, vijana wa vijijini huitwa kwa haraka, wakapewa gwanda, bunduki na mafunzo ya miezi michache, na hali ikishatulia huachwa wazunguke na madai yao kwa watu wasio na jibu. Mpwa wangu ni mmoja wao. Ofisi aliyoelekezwa kufuatilia malimbikizo yake, ambayo sitaitaja hapa, ilimwambia arudi mwezi unaofuata. Aliporudi akaelezwa kwamba jina lake halimo katika orodha ya malipo, ilhali bunduki aliyokabidhiwa iliandikwa kwa jina hilohilo.

Wapo watakaosema kwamba akiba ni watu wa kujitolea tu. Sivyo sheria inavyosema. Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inalitambua Jeshi la Akiba kuwa sehemu kamili ya majeshi ya ulinzi, na ibara ya 210 ya Katiba inalitaka Bunge litunge sheria kuhusu masharti ya utumishi jeshini. Ibara ya 17 nayo inamwajibisha kila raia mwenye afya kupata mafunzo ya kijeshi anapoitwa, na papo hapo inaiwajibisha Serikali kuhakikisha kuwa mahali pa mafunzo hayo papo. Upande wetu wa wajibu huo tunakumbushwa kila siku, hasa na wakuu wa wilaya wanapotafuta vijana. Upande wa Serikali haumo kamwe katika hotuba zao.

Turudi Teso, mashariki mwa nchi, kwa sababu ndiko deni hili lilikozeeka. Mwezi Juni 2003 waasi wa LRA wa Joseph Kony walipoingia huko, sehemu kubwa ya jeshi la kawaida ilikuwa bado inahangaika nao Acholi na kusini mwa Sudan. Wenyeji ndio waliojikusanya wakaitwa Arrow Boys, miongoni mwao wakiwamo hata waasi wa zamani wa UPA ambao miaka ya nyuma walikuwa wakipigana na Serikali hiyohiyo. Waliijua mito na vichaka vya kwao, wakasaidia kuwafurusha watu wa Kony. Baadhi yao baadaye waliingizwa jeshini, lakini wengi walirudi mashambani bila chochote, na hadi leo hawajaacha kudai kifuta jasho walichoahidiwa, huku kila uchaguzi ukija na mwanasiasa mpya wa kuwaandikisha majina upya.

Katika eneo la Lango, kaskazini, hali ilikuwa ya kuumiza zaidi. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Barlonyo, karibu na Lira, iliachwa mikononi mwa wanamgambo wachache wa Amuka, kundi la wenyeji kama Arrow Boys. Tarehe 21 Februari 2004 LRA waliivamia, walinzi wakazidiwa kwa idadi na kwa silaha, na kwa hesabu ya wakazi wenyewe watu zaidi ya 300 waliuawa. Ninalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani kwamba kuipunja akiba ni kuokoa fedha. Waliolipia uokoaji huo ni watoto na akina mama waliochomewa ndani ya vibanda vyao.

Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa mwezi Juni 2018, LDU, yaani vikosi vya ulinzi wa mitaa vilivyo chini ya Jeshi la Akiba, zilifufuliwa ili zilinde Kampala na Wakiso. Malipo yalitajwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenye familia Bwaise au Nansana afanye hesabu mwenyewe ya chumba, ugali na maharagwe, kisha aniambie kinachobaki. Ndiyo, ninajua kwamba wakati wa kafyu ya mwaka 2020 baadhi yao waliwapiga raia, wengine wakaua, na mwezi Julai mwaka huo waliondolewa mitaani kwenda kufunzwa upya. Aliyetenda uhalifu ashtakiwe. Lakini aliyemtuma mtaani na bunduki kabla hajaiva, bila msimamizi wa karibu, mbona hatajwi?

Wenzetu wanaojua kazi ya akiba huigharimia. Marekani ina sheria ya mwaka 1994 inayomzuia mwajiri kumfukuza kazi askari wa akiba aliyeitwa kutumika, na Uingereza ina yake ya mwaka 1985. Kwetu, mwendesha boda akiitwa kwa miezi sita, mwenye pikipiki humpa mtu mwingine siku hiyohiyo.

Fedha nazo zipo. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024/25 ilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 72, na wizara ya ulinzi si maskini katika mgawo huo, ingawa sehemu ya matumizi yake ni ya siri. Mshahara wa LDU una siri gani ya kumficha adui? Mwaka 2025, marekebisho ya Sheria ya UPDF yalipokuwa Bungeni, nchi nzima ilibishana kuhusu raia kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na ilikuwa haki kubishana. Jeshi lina wawakilishi 10 katika Bunge hilo. Mimi sikusikia hata mmoja akisimama kuuliza mjane wa askari wa akiba aende kudai wapi.

Taarifa za sera za wizara, zinazoeleza mipango na matumizi yao, hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Machi. Ninaitaka Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani ikatae kuipitisha taarifa ya ulinzi ambayo haionyeshi waziwazi fungu la Jeshi la Akiba: mishahara, mafunzo ya kila mwaka, matibabu na fidia ya majeruhi, pamoja na malimbikizo ya Teso na Lango. Na wabunge wa maeneo hayo wanaosoma hapa wajibu kwa majina yao: mara ya mwisho mliuliza lini, na mlijibiwa nini?