Tupeane uzoefu: kipato, elimu na meno ya mtu mzima

Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoshika kazi ya kinywa na meno, na wanaofuatilia takwimu zake. Swali ni hili: chukua watu wawili wa umri mmoja, mmoja kasoma na kipato chake kizuri, mwingine hakubahatika. Kwa nini vinywa vyao havifanani? Na kwa nini tofauti hiyo ni kubwa mno nchi hii, na nchi ile imepungua?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2022 inakadiria watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na watatu kati ya kila wanne wako nchi za kipato cha kati. Tulete tunachokijua kikazi: vipimo, hatua, kinachoharibika na sababu yake. Jibu la "hawajali meno yao" tuliache nje, halijawahi kuponya jino la mtu.

Mchangiaji wa 1, daktari wa meno

Nianze na kipimo chenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Tangu 1938 tunatumia hesabu iitwayo DMFT: unajumlisha meno ya kudumu yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa. Kinywa kina meno 28, au 32 ukihesabu magego ya mwisho.

Sasa waweke watu wawili wa miaka 45, kila mmoja ana jumla ya 10. Wa kwanza: 1 limeoza, 1 limeng'olewa, 8 yamezibwa. Wa pili: 4 yameoza, 6 yameng'olewa, hakuna hata moja lililozibwa. Kwenye jedwali wako sawa. Kwenye kutafuna, wa kwanza hana shida na wa pili anatafuna upande mmoja. Ndiyo maana kuna ripoti zinazodai kipato hakina athari kwa meno ya watu wazima, hata nyingine zikaonyesha wenye fedha ndio wana alama kubwa. Wenye fedha wanazibwa, wasio nazo wanang'olewa, na jumla inameza yote mawili.

Kuna mtego mwingine. Kwa utaratibu wa WHO, mtu akifika miaka 30 kila jino linalokosekana huhesabiwa, liwe liliondoka kwa kuoza, kwa ugonjwa wa fizi au kwa ajali. Kwa hiyo usione mapengo ya mzee ukasema moja kwa moja ni sukari. Mvutaji sigara wa muda mrefu, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anaweza kupoteza jino zima lisilo na tundu hata moja, kwa sababu mfupa unaolishikilia umeliwa.

Ukitaka kuiona tofauti ya kipato, chukua yaliyozibwa ugawe kwa jumla ya yaliyozibwa na yaliyooza. Wa kwanza hapo juu anapata 8 kwa 9, wa pili anapata sifuri. Kisha hesabu ni wangapi wana meno 20 au zaidi, maana chini ya hapo kutafuna kunaanza kuwa taabu.

Mchangiaji wa 2, mtafiti wa afya ya jamii

Daktari kafungua vizuri. Naongeza kwamba kipato na elimu haviingii kinywani kwa mlango mmoja, na ukivichanganya unapata jibu bovu.

Elimu ya mtu mzima haibadiliki sana baada ya ujana. Kipato kinapanda na kushuka, na akistaafu kinaanguka. Lakini gego la kwanza la kudumu huota karibu na umri wa miaka 6. Ukimuuliza mzee wa miaka 70 kipato chake cha leo halafu ukakilinganisha na meno yake, unalinganisha mwezi mmoja na kumbukumbu ya miaka zaidi ya 60. Kwa wazee elimu hueleza zaidi kuliko kipato cha sasa. Bora zaidi uulize na kazi ya wazazi wake.

Elimu hufanya kazi kabla ya maumivu. Aliyesoma mara nyingi ana kazi inayomruhusu kutoka saa mbili asubuhi bila kukatwa siku. Anasoma maandishi ya kwenye dawa ya meno. Zaidi ya yote, akiambiwa jino litolewe anauliza: "Haliwezi kuzibwa?" Swali hilo moja limeokoa magego mengi sana. Kipato chenyewe hufanya kazi siku ya maumivu, mgonjwa akiwa tayari kwenye kiti na uamuzi ukiwa ni kuziba au kung'oa.

Tabia nazo zina sehemu yake, ila ndogo kuliko tunavyopenda kuamini. Tafiti za Australia na Marekani zilizopima kupiga mswaki, sigara na kumwona daktari zilikuta tofauti inapungua ukizihesabu hizo, lakini haiishi. Tena haiko kwa maskini peke yao: kila ngazi ya kipato ina meno mabaya kidogo kuliko iliyo juu yake, ngazi kwa ngazi mpaka juu, kama mtafiti Michael Marmot alivyoonyesha kwa ugonjwa wa moyo miongoni mwa watumishi wa serikali wa Uingereza.

Tahadhari moja: mshale unaweza kurudi nyuma. Mwenye pengo la meno ya mbele hunyimwa kazi za kuonana na wateja, kwa hiyo pengo nalo linashusha kipato.

Mchangiaji wa 3

Mbona kuna nchi za kipato cha chini ambako wenye nafasi ndio wenye matundu mengi?

Mchangiaji wa 1, daktari wa meno

Ni sukari, na jinsi inavyosambaa. Ukila kitu chenye sukari, bakteria walio kwenye ukoga hutengeneza asidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) inashuka chini ya 5.5, na enameli, gamba gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini. Mate huchukua kama nusu saa hadi saa kurudisha hali. Kwa hiyo idadi ya mara ina uzito mkubwa: soda moja inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni mbaya kuliko ileile iliyonywewa mara moja wakati wa chakula.

Nchi ikianza kupata bidhaa za viwandani, wenye fedha hutangulia kununua sukari, na meno yao hutangulia kuoza. Bei ikishuka sukari inawafikia wote. Lakini dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga meno yasioze) na daktari wa kuziba haviteremki kwa kasi hiyo. Baada ya muda mzigo unageuka na kuwakalia wasio nacho. Mwongozo wa WHO wa 2015 unataka sukari iliyoongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50 na gramu 25. Kopo la soda la mililita 330 huwa na karibu gramu 35.

Mchangiaji wa 4, mipango ya bima ya afya

Nigusie nchi. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, meno yalikuwa bure, na waliojitokeza kutaka meno bandia walipita makadirio yote. Mwaka 1951 serikali ikaweka malipo kwa meno bandia, na waziri Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu. Marekani, Medicare, bima ya serikali ya wazee iliyopitishwa 1965, iliacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Medicaid, bima ya umma ya wasio na kipato, inayaachia majimbo kuamua kuhusu meno ya watu wazima, hivyo watu wawili wa kipato kilekile, kila mmoja upande wake wa mpaka wa jimbo, hupata huduma tofauti kabisa. Brazil ilizindua mpango wa meno uitwao Brasil Sorridente mwaka 2004 ndani ya mfumo wa umma. Kanada imeanza kuwahudumia mwaka 2024 wale ambao familia zao zina kipato chini ya dola 90,000 za huko na hawana bima nyingine ya meno. Japani ilikuwa tayari na meno ndani ya bima ya taifa, na 1989 ikaweka lengo linaloeleweka na kila mtu: meno 20 ukifika miaka 80.

Ukisikia nchi "inalipia meno", usishangilie kabla hujauliza. Je, watu wazima wamo, au watoto tu? Je, inalipia kuziba na matibabu ya mzizi, au kung'oa tu? Mgonjwa anachangia kwa kila jino, au kwa kozi nzima? Akichangia kwa jino, mwenye matundu matano atatibiwa mawili na kuondoka. Kisha uliza ukomo wa mwaka. Ukomo ukiwa mdogo, matibabu ya mzizi wa gego moja na kofia yake huumaliza, na jino la pili linang'olewa hata kama mtu ana kadi ya bima mfukoni.

Hata pale ambapo hakuna malipo, tofauti ya elimu haiishi. Daktari Julian Tudor Hart wa Uingereza aliliandika hilo mwaka 1971: huduma nzuri hupatikana kinyume na mahitaji ya watu, yaani anayeihitaji zaidi ndiye huipata kidogo.

Mchangiaji wa 5, tabibu wa kinywa na meno

Ndugu wa bima kaniacha njia nzuri. Kuziba si lazima kuhitaji umeme. Njia ya ART, yaani kuziba kwa vifaa vya mkono, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika duniani kote. Saruji yake, glasi-ionoma, iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2021.

Weka pamba pande zote mbili za jino ili mate yasifike. Kama mdomo wa tundu ni mdogo, upanue kwa patasi ya mkono. Chukua kijiko cha kukwangulia, anza na kuta zinazokutana na enameli, ndipo ushuke chini. Watu hukosea hapa: wanakwangua sakafu kwanza, wanakaribia kiini cha jino, mgonjwa anaruka, wanaacha uozo pembeni. Ule wa pembeni ndio unaovujisha kizibo. Sakafuni, karibu na kiini, acha tabaka laini kidogo. Ukiziba vizuri uozo huo utakosa chakula.

Paka asidi dhaifu ya kuandalia kwa sekunde 10 hadi 15, osha kwa pamba zenye maji, kausha kwa pamba kavu lakini jino libaki na mng'ao. Changanya unga na maji yake kwa kipimo cha mtengenezaji, ndani ya sekunde 30 kiwe tayari. Kikipoteza mng'ao kitupe, hakitashika. Jaza, paka vaselini kidoleni, gandamiza sekunde 30, ondoa kilichozidi, angalia meno yanavyokutana akifunga kinywa. Asile kwa saa moja.

Kizibo cha upande mmoja wa jino hudumu vizuri. Cha pande mbili au zaidi huvunjika mapema, mwambie mgonjwa ukweli huo. Na jino linalouma usiku lenyewe bila kuguswa, au lenye usaha, usilizibe kwa njia hii. Ukifanya hivyo unafungia jipu ndani.

Mchangiaji wa 6, mfamasia

Kwenye dawa ya meno, picha ya jino jeupe haisemi kitu. Geuza kasha usome kiambato. Tafuta floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500. Zisipoandikwa ppm, sodium fluoride asilimia 0.32 ni sawa na ppm 1,450 hivi. Sodium monofluorophosphate ya asilimia 0.76 ni karibu ppm 1,000, na ya 1.1 ni karibu 1,450. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, ya mwisho ni kabla ya kulala. Tema povu na usisukutue kwa maji, maana maji yanaondoa floraidi uliyoilipia. Hapo mwenye kipato kidogo hapotezi kitu: dawa ya bei ya chini yenye kipimo hicho inazuia matundu sawa na ya bei ya juu.

Mchangiaji wa 7, fundi wa meno bandia

Nimalizie upande wa baada ya kung'oa, maana wanaoamua kwa haraka huona wamemaliza tatizo. Gego la kwanza la chini likitoka, la nyuma yake hulala mbele kuelekea pengo, na la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka taratibu kwa kukosa mwenzake. Mwenye uwezo huja mapema, nafasi ingali milimita 10 au 11, na jino bandia linakaa. Anayehitaji miaka ya kujikusanya huja nafasi imebanwa pande mbili, jino la juu limekaribia kugusa fizi ya chini. Hapo plastiki haina pa kukaa. Mara nyingi la juu nalo lazima lichongwe sana au ling'olewe ndipo kazi ianze. Kwenye hesabu ya daktari, yaliyong'olewa yanaandikwa mawili, na lililooza lilikuwa moja.